Kaseti Iliyoanikwa Juani

Kadi ya kumbukumbu yenyewe haikuzidi ukucha wa kidole gumba. Ilinifikia hapa Kilifi kutoka Jilore ndani ya bahasha ya kaki, imeviringishwa katika kipande cha leso, pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa wino wa buluu: "Mwalimu, ile kaseti ya Mama imo humu. Kijana wa studio Malindi ameihamisha. Isikilize uniambie kama yote yamo."

Nina kompyuta kuukuu aliyoniachia mwanangu. Aliitia mfumo wa Linux kwa sababu, alisema, ni nyepesi na haiichoshi mashine iliyozeeka. Haina tundu la kadi, kwa hivyo hutumia kifaa kidogo cha kusomea kadi, chenye mkia wa USB. Nilitia kadi ndani ya kifaa, nikakichomeka kifaa. Kitaa chekundu kikawaka. Nikangoja. Kwenye kioo hakikutokea kitu.

Wenye Linux husema kadi haifunguki mpaka ipachikwe, yaani kompyuta ionyeshwe kadi iko wapi na ipewe folda ya kuifungulia. Siku nyingi mashine hujifanyia kazi hiyo yenyewe. Safari hii ilikataa. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza inaona vifaa gani. Kifaa cha kusomea ilikiona. Nikaiamuru ipachike kadi. Ikanijibu kwamba ndani ya kifaa hamna kitu. Nikaitoa kadi, nikaifuta kwa ncha ya leso, nikairudisha. Hamna kitu. Nikatia kadi ya simu yangu ya zamani, sawa kwa umbo ila ndogo kwa nafasi, nayo ikafunguka papo hapo, pamoja na picha zake zote za arusi na za mbuzi wa jirani. Nikairudisha ya Jilore. Hamna kitu.

Hapo mtu angesema kadi ya Jilore imekufa. Nami nilikuwa nimekwisha fungua kinywa niseme hivyo, peke yangu chumbani, nikakifunga. Niliwahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo mapema mno, tena juu ya sauti hiyo hiyo iliyokuwa ndani ya kadi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Nilikuwa nimezaliwa na kukulia mji wa kale wa Malindi, nikapelekwa kufundisha sayansi Jilore, bara kidogo, ambako watu walilima mahindi na mihogo na msitu ulianza pale mashamba yalipokoma. Nilikuwa na sanduku moja, mkeka, redio kaseti niliyoinunua kwa mshahara wangu wa kwanza, na daftari. Daftari lilikuwa la kuandika mvua ya kipimo cha shule, lakini kidogo kidogo likawa la kila kitu: kuku aliyetaga, kisima kilichokauka, nani alisema nini. Mpaka leo siwezi kuamini jambo ambalo sikuliandika.

Nilipanga chumba katika mji, ndivyo waitavyo boma huko, wa mama mmoja mjane wa Kigiriama. Kila mtu alimwita Mama, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mwembamba, mkimya, mwenye mikono iliyokuwa na kazi hata alipoketi. Pamoja naye aliishi binti yake, wa rika langu, aliyekuwa amerudi kutoka kwa mumewe na kutangaza kwamba ng'ombe hurudishwa zizini lakini yeye si ng'ombe. Huyu ndiye aliyeniandikia ile karatasi ya wino wa buluu.

Mama alikuwa na mwana mmoja wa kiume. Aliondoka nyumbani asubuhi moja na mashati mawili, ikasikika yuko Mombasa, kisha ikasikika amepanda meli kwenda Arabuni. Baada ya hapo haikusikika kitu. Nilipohamia pale alikuwa na mwaka wa sita hajaleta neno.

Mwaka ule mbuzi wanne walikufa kwa mfululizo, na mdogo wa marehemu mume wa Mama, ambaye sote tulimwita Baba Mdogo, akaanza kuota. Baba Mdogo alikuwa amefanya kazi miaka mingi ya kukokota chumvi Marereni mpaka mwanga wa yale mabwawa meupe ukamharibu macho, akarudi nyumbani kuwa mkubwa wa ukoo. Katika ndoto alimwona kijana amesimama mlangoni, maji yanamtiririka, anaomba mahali pa kukaa. Hakukuwa na mzee Jilore ambaye hakujua maana yake. Aliyekufa ugenini huchomekewa koma, kile kigingi cha mti mgumu kinachosimamishwa mjini kwa ajili ya roho yake, kikamwagiwa tembo la mnazi, naye akatulia. Asipochomekewa hasumbuki peke yake.

"Na kama yu hai?" Mama aliuliza.

"Yu hai, kimya miaka sita?"

"Nakuuliza, shemeji. Kama yu hai?"

Jibu lilijulikana. Koma ikishachomekwa haing'olewi. Mtu aliye hai akiwa na koma yake, akirudi atakuta nafasi yake kati ya walio hai imekwisha fungwa. Hakuna wa kumpa maji ya kunywa bila kutetemeka. Mama alikuwa amekataa mara tatu, na kila mbuzi aliyekufa alimnyang'anya kidogo ya nguvu za kukataa.

Kaseti ililetwa Jumatatu, shuleni, kwa kuwa shule ndiyo anwani pekee Jilore iliyojulikana na watu wa mbali. Aliyeileta alikuwa dereva wa lori la mbao. Yeye alipewa na mpagazi wa bandarini, na mpagazi alipewa na baharia ambaye dereva hakumjua. Juu ya karatasi yake paliandikwa tu: kwa mama yangu, Jilore, kupitia shuleni. Hakuna tarehe. Niliyaandika hayo yote daftarini kabla sijatoka ofisini, kisha nikakimbia nyumbani kwa viatu vya kazi.

Jioni hiyo, jua likingali juu, tuliketi uani: Mama, binti yake, Baba Mdogo na mimi. Redio ilikuwa ikisoma habari. Niliizima habari, nikaingiza kaseti, nikabonyeza.

Sauti iliyotoka haikuwa ya kijana. Ilikuwa nzito, inatoka chini sana, inakokota kila neno kama mtu anayevuta gunia la chumvi ndani ya tope. "Maaa... yooo..." Kwa Kigiriama huko ndiko kumwita mama. Kisha manung'uniko yasiyoshikika, yakizidi kuzama, mpaka utepe ukakoma wenyewe.

Mama alikuwa amejishika kifua. Baba Mdogo alivua kofia.

"Mmesikia," akasema polepole. "Hiyo ni sauti ya mtu aliye chini."

"Chini wapi?" binti akamwuliza.

"Chini ya ardhi. Wewe umewahi kumsikia mtu hai akisema hivyo?"

"Nimekusikia wewe, baba, ukitoka mangweni umelewa tembo."

"Cheka. Cheka tu."

Nilisema pengine ni betri. Nilisema *pengine*, na neno hilo nimelijutia. Baba Mdogo alinigeukia kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto wa wenyewe.

"Mwanangu mwalimu, redio si imesoma habari sasa hivi? Imesoma sawasawa, si nzito, si nyepesi. Basi betri ni nzima. Kilichoharibika ni huyo anayesema."

Nilijua kwamba kuuzungusha utepe kunataka nguvu kuliko kusoma habari, lakini nilikijua kitu hicho kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajaufika. Sikuweza kukionyesha. Duka la pale njiani lilikuwa limeishiwa betri mpaka lori la Malindi lije. Kabla hatujainuka, Baba Mdogo alikuwa amepanga siku ya kuchomeka koma: Jumamosi alasiri. Mti wa muhuhu ulikuwa tayari umekatwa, na mgema ameambiwa aweke tembo.

Sasa ni lazima nieleze desturi moja ambayo kila mtu wa pwani wa wakati ule anaijua. Betri zilipokwisha hazikutupwa. Wengine waliziuma kwa meno, wengine walizigonga kwa jiwe, lakini wengi tulizianika. Unazipanga juu ya bati la paa la jiko tangu asubuhi, zinapata joto, na jioni zinakupa nusu saa nyingine ya taarifa na salamu za wasikilizaji. Ilikuwa kazi ya nyumba kama kuanika mihogo.

Jumanne nilikwenda shule. Mama alizitoa betri sita kwenye redio yangu, akazipanga juani. Na kwa kuwa sauti ya mwanawe ilikuwa imetoka dhaifu vile, akaitoa kaseti pia, akailaza katikati ya betri.

Sikuambiwa. Niliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake, na Mama ana uso wa mtu aliyemaliza kazi. Tulibonyeza. Redio ilikuwa na nguvu kidogo kweli, lakini kaseti haikuzunguka. Ililia kama bawaba ya mlango, ikagoma. Nikaitoa, nikajaribu kuizungusha kwa penseli. Ilikwenda robo mzunguko ikakwama.

Jumatano lori likaja, nikanunua betri mpya. Kaseti ikagoma vile vile.

"Mnaona?" Baba Mdogo alisema. Alikuwa amekuja kuangalia mahali pa kuchimba. "Juzi alisema kidogo. Leo amekataa kabisa. Anatuambia tufanye haraka."

Usiku wa kuamkia Alhamisi sikulala vizuri. Asubuhi nilianza upya, kwa utaratibu ule niliokuwa nikiwafundisha darasa la sita: badilisha kitu kimoja tu, vingine viache vilivyo, kisha tazama. Nilikuwa na kaseti moja yangu mwenyewe. Ilikuwa ya arusi ya dada yangu, wanawake wa Malindi wanaimba vugo wakigonga pembe za nyati, na sauti ya bibi yangu ikiwa juu ya zote. Bibi alikuwa amekwisha fariki. Jioni nyingi tuliisikiliza uani, na binti wa Mama alikuwa amejifunza nyimbo zote na kuzifanyia mzaha.

Niliingiza ya arusi. Bibi akaimba, sauti safi, mwendo sawa. Basi redio ilikuwa nzima na betri nzima. Niliingiza ya mwana wa Mama, ikagoma. Basi ubovu ulikuwa ndani ya kaseti, na haukuwamo Jumatatu, kwa sababu Jumatatu ilizunguka, hata kama kwa uzito. Kwa hivyo uliingia kati ya Jumatatu na Jumanne jioni. Niliyaandika hayo kwa mpangilio, nikaenda jikoni.

"Mama, mmeifanyia nini kaseti?"

"Hatukuifanyia kitu."

Hakuwa akisema uongo. Nilikaa kidogo nikimtazama akipeta mahindi, kisha nikauliza kwa njia nyingine.

"Jumanne mchana ilikaa wapi?"

"Ilikaa na betri."

"Betri zilikaa wapi?"

Akanyoosha kidevu kuelekea bati.

Nilitoka nayo nje, nikaiweka juu ya ubao ulionyooka. Pembe moja ilisimama hewani. Ganda lilikuwa limepinda kama kaukau ya kiazi kilichokaangwa, jambo dogo sana ambalo jicho halikuliona mkononi, lakini lilitosha kubana magurudumu ya ndani. Mama alinifuata. Nilipomwonyesha, aliitazama kaseti, akalitazama bati, akaketi chini palepale mavumbini.

"Nimemuua mimi," akasema.

"Hukumuua, Mama. Umeipinda nyumba yake. Yeye yumo ndani."

Sijui maneno hayo yalinijia wapi. Nilijua tu kwamba Jumatatu nilisema *pengine*, na siku ile sikutaka kulisema tena.

Jumamosi asubuhi tulipanda gari la kwanza kwenda Malindi, mimi na Mama. Kaseti ilikuwa imefungwa kwenye pindo la leso yake, na hakunipa niishike njia nzima. Kwenye mkoba wangu nilikuwa na ile ya arusi, ili fundi akihitaji ya kujaribia asikose.

Fundi wa redio alikuwa na kibanda katika kichochoro karibu na soko. Alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na kila redio iliyomzunguka ilikuwa wazi tumbo. Nilimwamkia, naye akaniuliza hali ya wazazi wangu, ya dada, ya shemeji, ya mtoto wa dada, mpaka Mama akakohoa.

"Haya, mama. Mgonjwa yuko wapi?"

Mama akafungua pindo. Fundi akaiinua kaseti mbele ya macho, akaigeuza.

"Hii mmeianika kama samaki ng'onda."

"Betri nilizianika zikapona," Mama akasema.

"Betri ni betri, mama yangu. Hii ingekaa juani siku moja zaidi ungeikaanga mkaila." Kisha akaona uso wake, akaacha kucheka. "Utepe wenyewe haukuungua. Tazama, uko sawa. Ni ganda tu. Nalivunja, nautoa utepe na magurudumu yake, nautia katika ganda lingine. Basi."

"Basi?" Mama akauliza.

"Ila ganda lenyewe sina. Haya ya kwangu yote yamebandikwa kwa gundi, ukifungua yanapasuka. Nataka lenye skrubu. Njooni Jumatatu."

Nilihesabu muda kichwani. Alasiri ile wazee wangekuwa wamekusanyika. Niliingiza mkono mkobani, nikaitoa kaseti ya arusi, nikaiweka mezani. Ilikuwa na skrubu tano, ndogo, zinang'aa.

Mama aliishika kabla fundi hajaigusa.

"Hapana, mwalimu. Hii ina bibi yako."

"Bibi hapotei. Utepe wake utakaa koponi mpaka nipate ganda jingine."

"Na usipopata?"

"Bibi alikwisha imba, Mama. Huyu wako hajasema."

Fundi alijifanya anatafuta bisibisi. Mwisho Mama akaiachia, na fundi akaifungua skrubu moja baada ya nyingine, akiziweka juu ya kipande cha sumaku zisipotee. Aliutoa utepe wa arusi pamoja na magurudumu yake kama anavyotoa yai lililo bichi, akauweka katika kopo tupu la kakao. Kisha akalipasua lile ganda lililopinda. Mama hakutazama. Mikono ya fundi ilikuwa minene, lakini niliandika daftarini kwamba haikutetemeka hata mara moja. Alipomaliza, akaizungusha kaseti kwa kidole, ikazunguka kama feni.

"Niiwashe hapa tusikie?"

"Hapana," Mama akasema. "Atasema nyumbani."

Nilitaka kubisha. Tungejua palepale kama kazi imefaulu. Lakini alikuwa amekwisha ifunga kwenye pindo.

Tulifika Jilore jua limeanza kushuka. Uani palikuwa na wazee wanne kwenye mkeka, mtungi wa tembo, vifuu na mirija. Kigingi cha muhuhu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kimechongwa shingo, uso bado. Shimo lilikuwa limechimbwa. Binti wa Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa shimo, ameingiza miguu ndani.

"Ondoka hapo," Baba Mdogo alikuwa akimwambia.

"Napima kama linanitosha."

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Mmechelewa. Tulikuwa tunamngoja mwenye mtoto."

Mama hakuamkia mtu. Alipita katikati yao, akaingia chumbani kwangu, akaitoa redio mwenyewe na kuiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Akafungua pindo. Ilibidi nimwonyeshe upande upi wa kuingiza. Alibonyeza yeye, kwa kidole gumba, kwa nguvu kama anayebandua gamba la nazi.

Palikuwa na mvumo, kisha mtu akakohoa.

"Mayo," sauti ikasema. "Ni mimi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume kijana, nyepesi, yenye haraka. Nilimtazama Mama. Hakulia. Alikuwa ameinama, sikio karibu na redio, kama mtu anayesikiliza chungu kama kimechemka. Kijana aliamkia kwa Kigiriama, akauliza mvua, akamwuliza dada yake kama ulimi wake umepungua makali. Alisema alifanya kazi katika meli, akaugua, akalazwa bandari ya mbali, sasa amepona na yuko kazini nchi kavu.

Mzee mmoja akatingisha kichwa. "Inafanana. Ila watu wengi wanafanana sauti."

"Na hatujui alisema lini," Baba Mdogo akasema. "Yaweza kuwa ya zamani. Aliugua, mmemsikia mwenyewe. Baada ya kuugua nini?"

Hapo ndipo kijana, ndani ya redio, aliposhusha pumzi.

"Baba Mdogo akiwapo hapo, mnisogezee. Baba Mdogo, nilikaa kimya kwa ajili yako. Kila barua nyumbani husomwa mbele yako, na sikujua nitaanzaje. Ile baiskeli yako haikuibiwa. Niliichukua mimi. Niliiuza Malindi nikapata nauli ya Mombasa. Ukampiga mtoto wa jirani bure. Nimeona haya miaka yote hii. Nisamehe, baba."

Kifuu kiliwekwa chini.

Baba Mdogo aliinuka. Macho yake yaliyoharibiwa na chumvi yalikuwa yameelekea redio kana kwamba inamwona.

"Mbwa huyu!" akapiga kelele. "Mwizi! Mbwa, mwana wa ndugu yangu! Baiskeli yangu ya kijani!"

"Baba, wamtukana marehemu?" binti akamwuliza kutoka shimoni.

"Marehemu gani! Maiti gani ana haya? Yu hai huyu, na akirudi namvunja miguu!"

Mzee mmoja alianza kucheka, akafuatwa na wa pili. Baba Mdogo aliendelea kutukana mpaka sauti ikamkatika, akaketi, akafunika uso kwa kofia yake, mabega yanatikisika. Hakuna aliyemwuliza analia au anacheka. Tembo lilikuwa limekwisha gemwa, basi likanywewa. Binti wa Mama alitoka shimoni, akalifukia kwa miguu.

Mama alitaka kumjibu mwanawe palepale. Nilimwambia tugeuze upande wa pili, turekodi. Kitufe chekundu kilikataa kushuka. Mimi mwenyewe nilikuwa nimevunja vile vijino vya ganda ili mtu asije akaifuta arusi kwa bahati mbaya. Binti alitafuna kipande cha karatasi, akaliziba tundu, kitufe kikashuka. Mama alisema kwa muda mrefu. Lakini ilipofika Jumatatu ya kumpa dereva wa lori, hakuweza kuachana nayo. Tuliandika barua badala yake.

Kijana alirudi baada ya mvua mbili, akiwa na baiskeli mpya mabegani kwa sababu gurudumu lilipasuka njiani. Kile kigingi kisicho na uso Baba Mdogo alikisimamisha nje ya nyumba yake, akawa anaegemezea baiskeli hiyo. Utepe wa bibi yangu ningali nao koponi. Makombamwiko waliufikia kabla sijapata ganda, nami sikumwambia Mama kamwe. Alifariki akiamini kwamba niliurudisha.

Ndiyo maana sikusema kadi imekufa. Nilichukua daftari, hata leo sikosi daftari, nikaandika ninachojua. Kitaa kinawaka. Kadi ndogo ya simu inasomeka. Kadi ya Jilore, kubwa kwa nafasi, haisomeki. Nilipofika mstari wa tatu nilikuwa ninatabasamu peke yangu. Redio imesoma habari sawasawa, mwanangu mwalimu, basi betri ni nzima.

Nilifuata mkia wa kile kifaa kwa kidole. Sikuwa nimekichomeka kwenye kompyuta yenyewe. Nilikuwa nimekichomeka kwenye kile kigawanyio cha matundu manne, pamoja na kipanya, na printa, na waya wa kuchajia simu. Nguvu za kuwasha kitaa na kusoma kadi ndogo zilikuwapo. Za kadi kubwa zilikuwa haba. Nilikitoa, nikainama nyuma ya kompyuta kwa shida ya magoti, nikakichomeka moja kwa moja kwenye tundu la mashine. Nikarudia amri ile ile ya kupachika. Safari hii kompyuta haikubisha. Folda ikafunguka, na ndani yake mafaili mawili: upande wa kwanza, upande wa pili.

Simu ikalia kabla sijagusa chochote. Alikuwa binti wa Mama.

"Mwalimu, yafunguka?"

"Yafunguka."

"Ilikataa?"

"Ilikataa kidogo."

"Uliianika juani?" Akacheka kicheko kile kile cha ukingoni mwa shimo, ingawa sasa ni bibi wa wajukuu. "Basi niweke karibu nisikie. Anza na upande wa Mama."

Niliiweka simu kando ya spika, nikabonyeza. Mvumo, jogoo, mtu anaburuta kinu. Kisha Mama, karibu sana, akisema na mwanawe. Alimwuliza kama anakula. Alimwambia mbuzi wanne wamekufa lakini mweupe mwenye pembe moja yupo. Alimwambia baba yake mdogo amemtukana vizuri sana na asiogope, aje. Alimwambia kaseti aliianika juani kwa kuwa alimwona hana nguvu, amsamehe, hakujua. Sikukumbuka kwamba alisema hilo.

Halafu maneno yakamwishia. Alisikika akipumua, na wazee kwa mbali wakicheka na tembo lao. Nilijua kinachofuata ni mlio wa kitufe, kwa sababu ndimi niliyekibonyeza. Lakini kabla yake Mama aligeuza uso, sauti ikasogea mbali kidogo, akaniambia mimi:

"Haya, mwalimu, zima. Betri zitakwisha."

Safari hii sikuzima. Niliurudisha mwanzo, tukasikiliza tena.